Nirudi au Nibaki? (Nasema kompyuta, msishtuke!)



Kimya changu kimekuwa kirefu, najua. Mama mkubwa kanipigia simu mara mbili kuuliza kama naumwa. Siumwi, alhamdulillahi. Huku Ras al Hadd baridi imeingia, ile baridi yetu ya kuvaa fulana mbili usiku, na wageni wa kuja kutazama kasa Ras al Jinz wamepungua maana msimu wenyewe wa kasa kupanda pwani kwa wingi ni wakati wa joto. Kazi ya ukarani katika nyumba yetu ndogo ya wageni ni nyepesi miezi hii. Kilichoninyamazisha ni kompyuta. Na kwa kuwa wengi wenu mna kompyuta za aina hiyo hiyo, na wengine mmeshaniuliza swali hilo hilo, nimeona niandike kwa urefu nilichofikiri, nilichofanya, na kwa nini.

Kisa chenyewe ni hiki. Ijumaa moja ya Novemba 2025, mpwa wangu anayesoma skuli Sur alikuja kututembelea. Mimi nikaenda msikitini, nikaiacha laptopu mezani, wazi, bila neno la siri. (Kosa la kwanza, na ni langu.) Mtoto kakaa kuangalia mpira, kukatokea ule ujumbe unaosema toleo jipya liko tayari na ni bure. Yeye kijana, na kwa kijana neno "jipya" na neno "bure" yakikaa pamoja hakuna cha kufikiri. Kabonyeza. Niliporudi nikakuta kioo cha buluu na asilimia zinapanda. Akaniambia kwa furaha, "Mjomba, nimekufanyia Windows 11!"

Nilimshukuru. Ungefanya nini? Mtoto kakusudia wema.

Usiku ule nilipokaa kufanya kazi yangu ndipo nilipoona kilichotokea. Wale mnaonijua mnakumbuka kuwa tangu mwaka jana nina shughuli moja ya kuhamisha kanda za zamani za familia kuziingiza kwenye kompyuta. Kwa wadogo ambao hawakuukuta wakati ule nieleze kidogo. Zamani hakukuwa na WhatsApp, simu ya nje ilikuwa ghali na ya kupanga foleni, na si kila mzee alijua kuandika barua. Basi watu wa Unguja na watu wao waliohamia Oman wakitumiana kanda. Unakaa mbele ya redio-kaseti, unabonyeza vitufe viwili, unazungumza upande mzima, unageuza, unazungumza upande wa pili, kisha unampa mtu anayesafiri. Mwenzio anaisikiliza, na wakati mwengine anarikodi juu yake majibu na kuirudisha, ndiyo maana nyingi zimepotea. Ami yangu aliyeko Ibra hakuwa akirikodi juu ya kanda za bibi. Alizifungia kwenye bati la biskuti. Ziko 43.

Kanda 17 nilikuwa nimeshazimaliza. Zimebaki 26, karibu zote za dakika 90. Kanda haiharakishwi, ya dakika 90 inahitaji dakika 90 za kukaa nayo, kwa hiyo ni kama saa 39 za kusikiliza tu, mbali na kukatika, kubandika na kusafisha ukungu. Na kanda hizi hazingoji. Unyevu wa pwani umeshazila baadhi.

Kazi hiyo naifanya kwa kidude kidogo kinachochomekwa baina ya redio-kaseti na kompyuta. Nilikinunua zamani, na kampuni iliyokitengeneza ilishaacha siku nyingi kukiandikia draiva mpya. (Draiva ni ile programu ndogo inayoifundisha kompyuta kuzungumza na kifaa.) Kwenye Windows 10 kilikuwa kinanung'unika lakini kinafanya kazi. Kwenye 11, taa inawaka, sauti haiji. Nikasoma, nikazima kinga moja ya mfumo ambayo huzuia draiva za zamani, sauti ikaja inakatika-katika, bibi anasikika kama mtu anayezungumza chini ya maji. Nikairudisha kinga mahali pake. Nikajaribu kuunganisha waya moja kwa moja kwenye tundu la spika za masikioni, ikawa mvumo mtupu.

Nikabaki na swali lililo juu ya makala hii. Nirudi Windows 10, au nibaki na hii mpya?

Sasa, kabla hamjaanza kunitumia majibu, kuna jambo ambalo watu wengi hawalijui, na ndilo lililonitia haraka. Kurudi kunawezekana, lakini kuna muda wake. Unapopandishwa kutoka Windows 10 kwenda 11, mfumo wa zamani haufutwi papo hapo. Unawekwa kando ndani ya diski, kwenye folda inayoitwa Windows.old, kwa siku kumi. Ndani ya siku hizo unaingia kwenye mipangilio, sehemu ya mfumo, halafu urejeshaji, kuna kitufe cha kurudi. Mafaili yako yanabaki. Kinachopotea ni programu ulizoziweka baada ya kupandishwa na mipangilio uliyoibadilisha. Siku kumi zikipita, folda inafutwa ili nafasi ipatikane, na ukitaka kurudi hapo ni kusafisha nyumba nzima na kuanza upya. Kuna amri ya kuzirefusha siku hizo hadi 60, lakini lazima iandikwe kabla ya zile kumi kwisha, na wangapi wanaijua?

Wazee wetu walilijua jambo hili bila ya kompyuta. Majahazi ya Sur yalikuwa yakishuka Unguja na kaskazi, kuanzia kama Disemba, na tende na papa mkavu. Yakakaa, yakauza, yakanunua boriti na karafuu. Kusi ikianza kuvuma, kama Aprili, nahodha mwenye akili anafunga safari, maana kusi hiyo hiyo inayomrudisha kwao ikishakuwa kali katikati ya mwaka haisafiriki. Aliyekuwa hajamaliza kufikiri wakati huo, alibaki. Si kwamba aliamua kubaki. Upepo ulimwamulia.

Hilo ndilo neno langu la kwanza. Ukipandishwa usipotaka, usikae unanung'unika wiki mbili. Amua mapema, kwa sababu kutoamua nako ni kuamua.

La pili ni kuwa anayetaka kurudi si mjinga wala si mzee aliyepitwa na wakati. Nasema hivi kwa sababu mpwa wangu alinitazama kwa huruma niliposema nataka Windows 10 yangu. Historia iko upande wangu. Windows Vista ilipotoka kwa watu wote, Januari 2007, waliotaka kubaki na XP walikuwa wengi kiasi kwamba Microsoft wenyewe walirefusha muda wa kuiuza XP hadi Juni 2008. Mwaka 2012 ikaja Windows 8 bila kile kitufe cha kuanzia kilichozoeleka pembeni chini, watu wakapiga kelele, mwaka uliofuata toleo la 8.1 likakirudisha. Wote hao walikuwa wajinga? Mtu aliyezizoea kazi zake mahali fulani, ukimhamishia vyombo vyake usiku, asubuhi atagonga miguu. Ni kama mtu akuingilie jikoni akupangie upya, halafu akwambie jiko limependeza. Limependeza, ndiyo, lakini chumvi iko wapi?

Na kuna suala la ridhaa. Kwangu mimi ilikuwa mpwa na kidole chake, sina wa kumlaumu. Lakini mtakumbuka mwaka 2015 na 2016, Windows 10 ilipotolewa bure kwa mwaka mmoja, kulikuwa na malalamiko dunia nzima. Ilifika mahali, Mei 2016, ukibonyeza ile alama ya X kulifunga tangazo, inahesabiwa kuwa umeikubali ratiba uliyopangiwa! Baadaye walirekebisha wakaweka kitufe cha kukataa waziwazi. Mwanamke mmoja wa California mwenye kazi ya kupanga safari za watalii aliwashitaki katika mahakama ya madai madogo, akisema kompyuta yake ya kazi iliharibikiwa baada ya kupandishwa bila ya yeye kukubali. Akapewa dola 10,000, na kampuni ikaacha kukata rufaa ikalipa. Mimi nasema alikuwa na haki yake. Kompyuta uliyoinunua kwa jasho lako ni kama nyumba yako. Fundi mzuri hubisha hodi hata kama anakuja kukuzibia bati linalovuja.

Usiache mbachao kwa msala upitao, walisema. Na wakasema pia, kipya kinyemi ingawa kidonda. Hapa mtadhani nimeshamaliza, nirudi tu, basi. Ngojeni.

Upande wa pili una uzito, na ndio ulioninyima usingizi. Windows 10 ilifikia mwisho wake tarehe 14 Oktoba 2025. Mwisho maana yake si kwamba inazimika. Inawaka kama kawaida, na hapo ndipo watu wanapodanganyika. Maana yake ni kwamba yale masasisho ya bure ya kila mwezi ya kuziba mianya ya wezi yamekoma. Kuna mpango wa nyongeza wa mwaka mmoja kwa watu wa kawaida, unaishia 13 Oktoba 2026. Unaweza kuupata bila ya kulipa ukikubali mipangilio yako ihifadhiwe katika akaunti yako kwao, au kwa dola 30. Baada ya hapo ni nyumba isiyo na mlinzi.

Kuna watakaosema, "Mimi nani wa kuniibia?" Wakumbuke tarehe 12 Mei 2017. Siku ile kirusi kilichoitwa WannaCry kilifunga mafaili ya watu na kudai fidia, kikapita kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi kama 150. Hospitali za Uingereza zilirudisha wagonjwa majumbani. Mwanya ule ulikuwa umeshazibwa tangu Machi mwaka ule ule, kwa wale waliopokea sasisho. Waliopigwa ni waliokuwa hawajasasisha, na waliokuwa kwenye matoleo yaliyokwisha muda. Kirusi kile hakikuuliza nani tajiri nani maskini. Kilikuwa kinatafuta mlango wazi tu.

Na laptopu yangu si ya kanda peke yake. Humo ndimo ninamofanyia hesabu za kazini nikiwa nyumbani. Humo ndimo ninamotumia kuingia benki na kutuma fedha zinazokuja kwenu. Fedha za ada ya watoto wa dada, za dawa za mama mkubwa, za bati la nyumba ya Mikunguni. Mtu akiingia humo haniibii mimi peke yangu. Anawaibia watu saba au wanane ambao hawana habari kuwa kuna kitu kinaitwa Windows.

Kwa hiyo hili halikuwa suala la kupenda au kutopenda vitufe vya katikati badala ya pembeni. Hivyo nilishavizoea siku ya tatu, na niseme kweli, hii mpya ni nzuri machoni na kwenye laptopu yangu ya 2019 haikuwa nzito. Upande mmoja ulikuwa sauti ya bibi, na upande wa pili usalama wa riziki ya watu. Ningekuwa sina kanda, ningebaki, na makala hii nisingeiandika.

Nikawauliza watu. Mpwa akasema, "Mjomba, usirudi nyuma, dunia inakwenda mbele." Maneno mazuri ya kijana, lakini hayakunijibu sauti itatoka vipi. Mfanyakazi mwenzangu wa Kihindi akasema nunua kidude kipya. Nikakitafuta Sur sikukipata, na kukiagiza kulitaka muda na riali ambazo mwezi ule zilikuwa na mwenyewe. Rafiki yangu wa Mombasa, mnamjua kwa ubishi wake, akasema kama anavyosema siku zote: weka Linux, achana na hao. Ni kweli, nami niliwahi kuipenda njia hiyo. Nakumbuka mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipotoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili chetu, tulivyofurahi kuona neno "Faili" na neno "Hariri" juu ya kioo. Lakini bwana, mtu hajifunzi kupika biriani siku ya harusi. Kanda zinaoza, siku zinahesabika, sikutaka kuanza mfumo wa tatu.

Ikaja mapumziko ya Sikukuu ya Taifa, wiki ile ya mwisho ya Novemba. Tukapanda gari kwenda Ibra kumwona ami. Asubuhi tulipitia Sur, tukasimama kidogo kumwonesha mpwa lile jahazi la Fatah al-Khair. Kwa wasiolijua, ni jahazi kubwa la aina ya ghanja, lilijengwa pale pale Sur mwaka 1951, likauzwa, likaishia Yemen. Mwaka 1993 watu wa Sur wakachanga fedha wakalinunua wakalirudisha kwao. Sasa limekaa nchi kavu, limepakwa mafuta, watoto wanalipanda. Nikalitazama muda mrefu. Watu wale walikuwa na akili. Walilirudisha cha zamani kwa sababu maalumu, wakakiweka mahali salama, na hakuna aliyesema sasa tulipakie tende twende nalo Unguja.

Hapo nadhani jibu lilikuwa limeshaingia kichwani, ila sikulijua.

Ami ana miaka 84. Macho yamekwenda, masikio bado. Kila nikienda humchukulia zile nilizokwisha kuhamisha, namwekea kwenye spika ndogo, anakaa juu ya msala wake na tasbihi mkononi na kahawa inapoa. Safari hii nilikwenda mikono mitupu. Nikamweleza, kadiri nilivyoweza, mambo ya mfumo mpya na kidude. Akasikiliza. Kisha akauliza, "Ile ya harusi ya mama yako, ambayo bibi yako anazungumza na nyuma wanapiga ngoma, umeshaifikia?"

Nikamwambia bado, ni ya ishirini na kitu.

Akasema, "Basi fanya upesi. Mimi sihofu wezi, mwanangu, sina cha kuibiwa. Lakini wewe una watu wanakutegemea, usiwasahau kwa ajili yangu."

Watu wa zamani hawa! Kwa sentensi mbili kanipa pande zote mbili za mizani, akanywa kahawa yake.

Ami huyu, niwakumbushe, ndiye aliyekwenda Unguja mwaka 1993 baada ya kukaa Oman miaka mingi. Alipofika mtaa wao akakuta nyumba ipo, mlango ule ule, na ndani watu wengine. Wakamkaribisha vizuri, wakampa chai. Alikaa wiki tatu akarudi Ibra, na tangu hapo hakusema tena habari ya kuhamia. Niliwahi kumuuliza kama alijuta kwenda. Akasema hapana, alikwenda kuliona kaburi la baba yake na aliliona. Alijua alichokifuata.

Basi nikaamua hivi, na huu ndio msimamo wangu kwa yeyote aliyepandishwa bila kutaka.

Usiulize "ipi bora, ya zamani au mpya?" Hilo ni swali la barazani, halina mwisho. Jiulize, nina kazi gani ambayo haikamiliki huku niliko, na itachukua muda gani? Kama huwezi kuitaja kazi hiyo kwa jina, baki ulipo. Mazoea yatakuja, ni siku chache. Kama unaweza kuitaja, rudi, lakini rudi kwa ajili ya kazi hiyo na uweke tarehe ya kuondoka. Anayerudi kwa sababu tu anachukia vitu vipya hatakuwa na siku ya kutoka, na hao ndio waliokutwa na XP baada ya Aprili 2014, masasisho yamekoma, milango wazi.

Nilirudi Jumamosi, siku ya nane. Nilivyofanya:

Kwanza, nikanakili kila kitu kwenye diski ya nje. Mafaili yanabaki, wanasema, nami naamini, lakini funga ngamia kisha umtegemee Mungu. Picha, hesabu, na zile kanda 17 zote.

Pili, nikachomeka chaja, nikaingia pale penye kitufe cha kurudi. Kinauliza kwa nini unataka kurudi. Hakuna jibu linalosema "bibi yangu", nikachagua lile la vifaa kutofanya kazi. Ikachukua kama nusu saa. Ikawaka kama nilivyoiacha, na ile picha ya Forodhani nyuma.

Tatu, nikajiandikisha kwenye ule mpango wa nyongeza wa masasisho, nikangoja yamalizike kushuka.

Nne, na hili ndilo muhimu, NIKAKATA INTANETI. Laptopu hii sasa ni ya kanda tu. Haiingii benki, haifungui barua pepe. Fedha zenu natuma kwa simu, na hesabu za kazini nazifanya kazini. Ni usumbufu, nakiri, kuna usiku mbili tatu nilitaka kuangalia jambo moja tu nikajizuia. Lakini jahazi liko nchi kavu, halipakii tende.

Tano, nimeweka neno la siri. Mpwa kacheka.

Sita, nimejiwekea mwisho. Kanda 26, moja kwa usiku, na nyusiku za kuruka kwa ajili ya wageni na uchovu, nimejipa hadi mwisho wa Februari 2026. Ikifika siku hiyo, zimekwisha au hazijesha, nakaa na kidole changu mwenyewe na kubonyeza Windows 11. Zitakazobaki nitatafuta njia nyengine, hata kama ni kununua kidude kipya kwa riali za kuazima.

Najua kuna watakaosema nimefanya jambo dogo kuwa kubwa. Pengine. Lakini naona mambo mengi sasa yanatujia hivi: simu inajibadilisha usiku, benki inabadilisha programu, na sisi tunaambiwa tu "imeboreshwa". Wengine tunakubali kila kitu kwa uvivu, wengine tunakataa kila kitu kwa hasira, na wote hatujaamua lolote. Mimi nataka watu wangu, hasa nyinyi wazee mnaoletewa simu na wajukuu mkaambiwa "bonyeza hapa", mjue kuwa mna haki ya kuuliza hii inabadilisha nini, na naweza kurudi hadi lini. Mwenye kukuuzia au kukufanyia asipoweza kukujibu maswali hayo mawili, mwambie angoje.

Na nyinyi vijana, nawaomba. Kabla hamjamfanyia mzee wema kwenye kompyuta yake, muulizeni anaitumia kwa nini. Dakika moja tu.

Mpaka ninapoandika haya nimefika kanda ya 24. Ile ya harusi niliipata juzi, ilikuwa ya 23. Ngoma zinasikika kweli, na mtu analia nyuma, nadhani ni mama mkubwa, atanisahihisha mwenyewe akisoma. Bibi anamwambia ami asituletee vitambaa tena, watoto wamekua, alete vitabu. Ijumaa hii naipeleka Ibra.

Mliokuwa na redio-kaseti nzima, msiitupe. Na mwenye kanda za upande wa baba anijulishe kabla ya Februari, maana baada ya hapo upepo utakuwa umegeuka.

Nisalimieni wote, wakubwa na wadogo. Anayepita Darajani ajue nimekumbuka urojo.

Wenu, wa Ras al Hadd.